Gari langu lina kilomita 318,000: nilitengeneze au niliuze?

Ndugu Mshauri,

Salamu kutoka Muheza. Mimi ni mtumishi wa umma mwenye umri wa miaka 46 na baba wa watoto wanne. Kazi yangu iko Tanga mjini, kwa hiyo kila siku ya kazi huenda na kurudi umbali unaokaribia kilomita 70. Gari ninalolitumia ni Toyota Corolla Spacio la mwaka 2001, lenye injini ya 1ZZ-FE ya cc 1,794 na giaboksi ya otomatiki, nililolinunua mwaka 2012 likiwa limetoka Japani na kilomita 96,000 kwenye dashibodi. Leo linasoma kilomita 318,000. Ukijumlisha safari za kazini na zile za kumpeleka mama yangu kliniki kutoka Soni, ninatembea takriban kilomita 1,500 kwa mwezi.

Kwa miaka mingi gari hili halikunisumbua. Tangu mwaka jana, hata hivyo, limeanza kula oili. Nalazimika kuongeza lita moja kila baada ya wiki tatu hivi, na lita hiyo naipata kwa Sh 16,000. Asubuhi nikiliwasha hutoa moshi wa rangi ya bluu kwa muda mfupi, kisha moshi hukatika. Na kila ninapoteremka kutoka Soni hadi Mombo, nikikanyaga mafuta baada ya mteremko, naona moshi uleule kwenye kioo cha nyuma. Mbele linagonga kwenye matuta. Mwaka juzi joto lilipanda wakati tukiupanda mlima tukiwa watu sita, fundi akaondoa themostati na kuniambia kwamba kwa hali ya hewa yetu kifaa hicho hakina kazi. Mwezi uliopita lilizima usiku karibu na Segera nikiwa na mke wangu na watoto wawili, tukakaa kando ya barabara hadi alfajiri. Ilibainika kuwa alteneta ilikuwa imekufa na betri ikaisha. Tangu usiku ule mama watoto hataki tena kusafiri na gari hili.

Fundi wangu anasema injini imechoka na inatakiwa kufunguliwa yote na kusukwa upya kwa Sh milioni 2.4, na kwamba shokapu na bushi za mbele zitagharimu Sh 650,000, na tairi mbili Sh 350,000, jumla Sh milioni 3.4. Dalali amenipa Sh milioni 5.2 kwa hali lililo nayo, akisema likitengenezwa laweza kufika milioni 7.5. Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam anashauri niuze haraka, nichukue Toyota Sienta lililotoka Japani, ambalo pamoja na ushuru litanifikia kwa Sh milioni 17. Nina akiba ya Sh milioni 4. SACCOS yetu yaweza kunikopesha milioni 8 kwa miezi 36, kwa riba ya asilimia 1.25 kwa mwezi inayopigwa kwenye salio linalopungua, na marejesho yake yatakuwa kama Sh 277,000 kila mwezi. Mtoto wangu mkubwa anaingia kidato cha tano mwakani.

Sitaki kutupa fedha kwenye gari lililokwisha, wala sitaki kuingia deni kwa hofu ya usiku mmoja. Naomba ushauri wako.

Msomaji wako, Muheza.

JIBU

Ndugu yangu wa Muheza,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na nakushukuru kwa kuandika kilomita, kiasi cha oili, tabia ya moshi na bei zote, kwa sababu mambo hayo ndiyo yanayoniwezesha kukujibu kwa uhakika badala ya kukufariji. Nianze na jambo ambalo huenda likakushangaza: katika mapendekezo mawili uliyoletewa, la fundi la kusuka injini na la shemeji la kuuza haraka, sioni lililofika wakati wake. Yote mawili yamejengwa juu ya dhana kwamba injini imekwisha, na katika barua yako yote sioni mahali ambapo mtu yeyote aliipima.

Tuitazame oili kwanza, maana ndiyo iliyobeba Sh milioni 2.4 za hesabu yako. Kwa mwendo wa kilomita 1,500 kwa mwezi, wiki tatu ni kama kilomita 1,050, kwa hiyo gari lako linakula lita moja kwa kila kilomita 1,050 hivi. Vitabu vya mwongozo vya Toyota huandika lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa ndicho kiwango cha juu cha ulaji wa oili. Umeukaribia mpaka huo, ila hujauvuka. Sasa piga hesabu ya fedha: lita moja na nusu pungufu kidogo kwa mwezi, kwa Sh 16,000 kila lita, ni kama Sh 23,000. Ukitoa Sh milioni 2.4 ili usiongeze oili tena, itakuchukua karibu miaka 9 kuzirudisha fedha hizo, na gari lako hivi sasa lina umri unaozidi miaka 20. Oili inayoungua ni hasara ndogo. Kinachoua injini ya namna hii ni kuisahau siku moja hadi ikauke. Injini yako hubeba lita 3.7 tu za oili pamoja na filta yake, kwa hiyo mtu anayekaa mwezi mzima bila kuchomoa kijiti cha kupimia anaweza kujikuta ametembea na kiasi ambacho hakitoshi kulainisha vyuma kwenye mlima kama ule wa Mombo.

Ulaji wa oili si jambo geni kwa injini ya 1ZZ-FE. Zile zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na pistoni zenye matundu madogo ya kurudishia oili. Oili ilipochelewa kubadilishwa, matundu hayo yaliziba kwa masizi na ringi za oili, zile pete zinazofuta oili kwenye kuta za silinda, zikagandamana, ndipo oili ikaanza kupita na kuungua. Baadaye Toyota ilibadilisha muundo wa pistoni hizo. Gari lako la 2001 laweza kuwa na ugonjwa huo. Lakini dalili ulizozieleza zinanielekeza kwanza mahali pengine. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi na kukatika, na ule unaotoka unapokanyaga mafuta baada ya mteremko mrefu, ni dalili maarufu ya sili za vali zilizokauka, yaani vile vipira vinavyozuia oili kupita kwenye vali. Gari likipaki usiku kucha, oili hutiririka taratibu kupitia sili hizo na kuingia kwenye silinda. Na unapoteremka mlima ukiwa umeachia mafuta, injini huvuta hewa kwa nguvu sana huku mlango wake wa hewa umefungwa, na mvuto huo hunyonya oili kupitia palepale. Ukikanyaga tena, iliyokusanyika huungua yote kwa mpigo. Moshi wa ringi zilizokwisha kabisa kwa kawaida hauna adabu ya kusubiri mteremko, bali hukufuata kila unapoongeza mwendo.

Kwa hiyo nakuomba, kabla ya kumlipa mtu yeyote shilingi ya kufungua injini, ukapime kompresheni, yaani presha inayojengeka ndani ya kila silinda. Nenda kwenye gereji nyingine, si kwa yule aliyekupa bei ya kusuka, kwa sababu mwenye kutarajia kazi ya milioni 2.4 si mtu wa kuachiwa peke yake kuamua kama kazi hiyo inahitajika. Nasema hivi bila kumtuhumu fundi wako, ambaye huenda ana nia njema kabisa. Injini iwe ya moto, plagi zote nne zitolewe, mtu akanyage mafuta hadi mwisho huku stata ikizungusha injini, na namba ya kila silinda iandikwe. Kwa injini yako, silinda isishuke chini ya psi 145, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 15 hivi. Silinda ikionekana dhaifu, fundi aitie oili kijiko kimoja na apime tena: namba ikipanda, tatizo liko kwenye ringi, isipopanda, tazameni vali. Palepale akague vali ndogo ya kupumulia injini, ile mafundi wanayoiita PCV, kwa sababu ikiziba hufanya injini kula oili, na bei yake haifanani hata kidogo na bei ya kusuka injini. Akague pia oringi ya kikaza cheni ya taimingi, ambayo katika 1ZZ-FE huvuja mara nyingi. Sehemu ya oili unayodhani imeungua yaweza kuwa imedondokea barabarani.

Majibu yakiwa mazuri, yaani silinda zote nne zina nguvu na zinakaribiana, usisuke injini. Badilisha sili za vali ikiwa bei ni ya kuridhisha, na kama si ya kuridhisha endelea kuongeza oili kwa nidhamu ya mtu anayemeza dawa: kijiti kila Jumamosi asubuhi gari likiwa tambarare na la baridi, lita moja ya akiba kwenye buti, plagi zikaguliwe kila kilomita 10,000 kwa sababu oili inayoungua huzichafua. Unaweza kutumia oili ya 10W-40 kwa joto la Tanga. Usikubali kumiminiwa oili nzito kupita kiasi ili kuficha moshi, wala zile chupa zinazoahidi kutibu ringi kwa siku moja.

Majibu yakiwa mabaya, bado nisingeharakisha kusuka. Bloku ya 1ZZ-FE ni ya aluminiamu yenye silivu nyembamba za chuma, kipenyo cha milimita 79, na haikuundwa ili ichongwe na kuwekewa pistoni kubwa zaidi kama injini za zamani. Ikiwa silinda zimelika, ringi mpya ndani ya silinda iliyolika zitakupa miezi michache ya furaha, kisha moshi utarudi na milioni 2.4 zitakuwa zimekwenda. Kusuka kuna maana pale tu ambapo silinda zimepimwa kwa kifaa zikaonekana ziko sawa, na pistoni zinazowekwa ni za muundo uliorekebishwa. Watakushauri pia ununue injini ya mtumba kutoka Gerezani au Ilala, Dar es Salaam. Kumbuka kwamba injini hiyo nayo yaweza kuwa 1ZZ-FE ya miaka ileile yenye ugonjwa uleule, kwa hiyo usiilipie kabla haijapimwa kompresheni mbele yako. Tena namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, dai risiti ya mauzo na uende TRA kurekebisha taarifa, la sivyo utakwama siku ya kuhamisha umiliki.

Sasa nizungumzie usiku wa Segera, kwa sababu nahisi ndio uliokufanya uandike, na mama watoto ana haki kamili ya kuogopa. Mwanamke aliyekaa na watoto gizani kando ya barabara kuu, malori yakipita, haombi kuelezwa bei za injini. Lakini kilichowaangusha usiku ule ni alteneta, kifaa ambacho hufa kwenye gari la miaka 20 na hufa pia kwenye Sienta la miaka 12, na kimeshabadilishwa. Jambo la kufanya ni kujiuliza ni vifaa gani vingine vya umri uleule vinaweza kukuacha njiani, na kuvibadilisha vikiwa bado vinafanya kazi: mipira ya maji ya rejeta, mkanda wa alteneta, pampu ya maji kama imeanza kuvuja, betri kama imepita miaka yake. Magari yenye kilomita nyingi hayaaminiki pale yanapotengenezwa kwa kusubiri kiharibike ndipo kitengenezwe. Mwenye gari la kilomita 318,000 anayebadilisha vitu kabla havijakatika husafiri kwa amani kuliko mwenye gari la kilomita 90,000 asiyefungua boneti.

Na hiyo themostati irudishwe. Nasikitika kila ninaposikia fundi ameitoa kwa hoja ya hali ya hewa. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake sahihi na kuitunza hapo, na injini inayoendeshwa ikiwa baridi hutumia mafuta zaidi na kulika upesi. Kuitoa hakukutibu kilichopandisha joto mlimani, kulikificha tu. Rejeta isafishwe, mfumo wa maji ujazwe presha ili uonekane unavujia wapi, feni ihakikishwe kuwa inawaka, na uache kutia maji ya bomba, utie maji maalumu ya rejeta. Ukiona oili imegeuka rangi ya maziwa chini ya kifuniko chake, au maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja popote, huenda gasketi ya silinda hedi imekufa, na hapo mazungumzo yetu yanabadilika.

Shokapu, bushi na tairi sina la kukupunguzia. Hizo Sh milioni 1 zitoke, na zitoke mwezi huu, iwe utabaki na gari au utaliuza, kwa sababu hadi siku ya kuuza watakaolipanda ni watoto wako na mama yako mzee, katika barabara ya Mombo hadi Lushoto yenye kona na makorongo unayoyajua. Breki zikaguliwe siku hiyohiyo. Kwa vitu vingine naweza kukuambia subiri. Kwa hivi siwezi.

Zipo sehemu mbili ambazo hukuziandika, nazo zina uzito kuliko moshi wote huo. Ya kwanza ni giaboksi. Je, inachelewa kushika gia unapoweka D asubuhi? Inapanda mizunguko bila gari kuongeza mwendo ukiwa mlimani? Ikiwa hapana, ikaguliwe oili yake, ambayo kwa gari lako ni ya aina ya T-IV, na kama ni nyeusi ibadilishwe kwa kumwaga na kujaza taratibu. Ikiwa ndiyo, giaboksi na injini zikichoka kwa pamoja hakuna hesabu itakayoliokoa gari. Ya pili ni kutu. Gari limeishi miaka 13 karibu na upepo wa chumvi wa Tanga, na kabla ya hapo sijui lilitumika upande gani wa Japani, kwa maana kule kwenye theluji barabara humwagiwa chumvi. Lipandishwe juu, na fundi agonge kwa nyundo ndogo fremu inayobeba injini na mahali shokapu zinapofungwa. Kutu ya juu juu ipakwe dawa. Chuma kikitoboka mahali hapo, uza, na usimfiche mnunuzi.

Turudi kwenye fedha. Huenda umewahi kusikia kanuni kwamba matengenezo yakizidi nusu ya thamani ya gari, liuzwe. Kanuni hiyo ilizaliwa kwenye nchi ambako gari zuri la kubadilisha ni rahisi kupatikana. Kwetu, gari linaloingia hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kufuatana na ukubwa wa injini, VAT ya asilimia 18, na juu yake ushuru wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari la zaidi ya miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi miaka 10. Ndiyo maana Spacio lako la 2001 bado lina thamani ya milioni 5.2, na ndiyo maana Sienta la milioni 17, ambalo nalo huenda lina umri wa miaka 12, si jipya kwa maana yoyote isipokuwa kwamba wewe hujalizoea. Swali linalokuhusu ni gharama ya kila njia kwa miaka 3 ijayo, si bei ya matengenezo ikilinganishwa na bei ya gari.

Nimezipiga hesabu hizo kwa makadirio, na sitakuficha kwamba hazikunipa ushindi wa wazi. Ukibaki na Spacio bila kusuka injini, chukua milioni 1 ya shokapu na tairi, na kama Sh 700,000 za mipira, themostati, oili ya giaboksi na sili. Weka milioni 1 ya matengenezo kila mwaka. Kadiria kwamba baada ya miaka 3 litauzwa milioni 4, yaani litakuwa limepoteza milioni 1.2 ya thamani yake ya leo. Ongeza oili ya kujazia, ambayo kwa miezi 36 ni kama Sh 830,000. Kisha ongeza jambo ambalo wewe na shemeji hamkulitaja, yaani petroli: kama Spacio lako linakwenda kilomita 11 kwa lita na Sienta la cc 1,500 linakwenda 14, utachoma karibu lita 29 zaidi kila mwezi, ambazo ni kama Sh 80,000. Jumla ya njia hiyo ni karibu Sh milioni 9.6. Upande wa Sienta, thamani itashuka tuseme hadi milioni 12, riba ya SACCOS ni karibu milioni 2, matengenezo nusu milioni kwa mwaka, na bima kubwa ambayo wakopeshaji wengi huidai. Hapo unafika milioni 8.5 kabla ya bima, na karibu 10 baada yake. Shemeji yako hakukosea, basi. Anachokosea ni haraka.

Kinachonifanya niegemee upande wa kubaki na gari ni kile kinachotokea mambo yakiharibika. Mtoto anaingia kidato cha tano, mama anahitaji kliniki, na marejesho ya SACCOS hukatwa kwenye mshahara kabla hujauona. Wadhamini wako kwenye mkopo huo ni wafanyakazi wenzako. Mwezi ukiyumba, deni hilo linakaa ofisini nawe. Ukibaki na Spacio, akiba yako ya milioni 4 inabaki na milioni 2.3 baada ya matengenezo. Zile Sh 277,000 ulizokuwa tayari kulipa, jilipe mwenyewe kila mwezi kwenye akaunti ya akiba. Baada ya miezi 24 zitakuwa milioni 6.6, ondoa milioni 2 za matengenezo, ongeza milioni 2.3 zilizobaki na kama milioni 4.5 za kuuza Spacio, nawe utakuwa na Sh milioni 11 na ushei bila mdhamini wala riba. Kwa fedha hizo utachagua gari lenye namba ya usajili ya mfululizo wa D lililotunzwa vizuri, au utakopa kiasi kidogo tu kufikia unalolitaka. Na mwezi ambao ada itabana, utaruka bila kumwomba mtu radhi. Lakini nikuulize kwa udugu: je, utaziweka kweli? Ikiwa unajua kwamba fedha zisizokatwa na mwajiri haziishi wiki mbili mikononi mwako, chukua mkopo, kwa sababu hapo makato ya lazima yatakufaa kuliko ushauri wangu.

Iwapo vipimo vitakuelekeza kuuza, liuze kama lilivyo, baada tu ya kulifanya salama. Usilitengeneze injini ili uliuze: kwa bei alizokupa dalali mwenyewe, utatoa milioni 3.4 kupata nyongeza ya milioni 2.3. Mwambie mnunuzi kuhusu oili na moshi, uyaandike hayo kwenye hati ya mauziano. Kadi ya gari usimkabidhi dalali kabla fedha yote haijaingia, na uhakikishe umiliki umehamishwa TRA, kwa sababu gari likibaki na jina lako faini za barabarani zitakuja kwako, na ajali pia.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Usimshinde mama watoto kwa hesabu hizi. Mpeleke gereji siku ya vipimo, aone namba za silinda zikiandikwa, aone mipira ya zamani ikitolewa na mipya ikifungwa. Kisha mfanye safari fupi ya mchana, Muheza hadi Korogwe na kurudi, wawili tu bila watoto. Na kwa miezi michache msisafiri usiku.

Ukishapima, niandikie namba za silinda zote nne, kilomita ulizotembea tangu ulipojaza oili hadi alama ya juu, na jibu la lile swali la giaboksi asubuhi. Nikiwa na hayo matatu nitaweza kukuambia kama Spacio lako lina miaka miwili mingine ndani yake.

Ndugu yako,
Mshauri